Vidole Vitatu: Siku Nane Kwenye Nchi ya Mipopoo

Siku ya kwanza: Taoyuan hadi Taichung

Ndege ilitua Taiwan jua linazama. Mtoto wa dada yangu, ambaye huu ni mwaka wake wa tatu masomoni Tainan, alikuwa ananingoja na gari aliloazima kwa mwenzake. "Shikamoo khalti, pole na safari. Tule kwanza?" Nikamwambia chakula kitangoja, nionyeshe popoo, lile tunda la kutafuna.

Hatukuhangaika kutafuta. Tulipoacha tu barabara kuu, vibanda vya vioo vikaanza, kila kimoja na mataa ya kijani, zambarau na mekundu yanayozunguka kama feni. Ndani ameketi mtu mmoja, mara nyingi binti, kwenye kiti kirefu, na mbele yake meza, kisu na bakuli la chokaa. Lori linapunguza mwendo, binti anatoka mbio na boksi dogo na chupa ya maji, anapokea pesa dirishani, anarudi. Wenyeji huwaita mabinti hawa kwa jina la Xi Shi, mrembo wa masimulizi ya kale ya Kichina. Wengi wao huvaa nguo chache ili madereva wasimame. Niliyemwona kwa karibu alikuwa sawa na mwanangu wa pili kwa umri, na vidole vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye maungio.

Tulisimama tukatazama kazi yake. Popoo yao ni mbichi, ya kijani, ukubwa wa tende nene, si ile kavu tunayoinunua sokoni Darajani, Unguja. Anakata kikonyo, anaipasua ubavuni, anapachika humo kipande cha kishada cha mtambuu pamoja na chokaa iliyotiwa katu, anaipanga kwenye boksi. Nyingine anazifunga kwa jani la tambuu lililopakwa chokaa nyeupe, na hapo nilijiona niko barazani kwa bibi yangu, nimekaa kwenye mkeka, natazama mkono wake ukikunja jani hilohilo kwa mkunjo uleule.

Kitu kimoja hakikuwepo mezani. Nilimwambia kijana amuulize binti mara mbili ili nisikie vizuri. Tumbaku je? Binti akatikisa kichwa. Hawatii.

Hilo ndilo lililonitoa Unguja. Mimi ni tabibu wa meno, miaka 19 sasa nachungulia vinywa vya watu. Kila nikimwambia mtu aache, jibu ni moja: "Mimi sitii tumbaku, tabibu. Natafuna tambuu na popoo tu." Kwa sisi watu wa pwani, uraibu ndiyo hiyo tambuu yenyewe: jani, popoo, chokaa, katu, na tumbaku kwa aitakaye. Siku hizi neno limehamia kwenye unga na kamari, na kile kilichotupa neno kimebaki kinahesabiwa kama kitu kisicho na neno. Nilitaka nione kwa macho yangu nchi ambayo watu wanatafuna popoo bila tumbaku, nione vinywa vyao vikoje.

Siku ya pili: milima ya Nantou

Asubuhi tulipanda kuelekea Guoxing. Barabara inapinda na mto, mkono wa kulia jabali, mkono wa kushoto bonde, na kila ulipogeuza macho ni mipopoo. Sikuwahi kuiona kwa wingi huu. Kwetu mpopoo mmoja au miwili husimama nyuma ya nyumba, mwembamba, mrefu, umenyooka kama mshale. Huku imepandwa safu kwa safu hadi juu ya vilele, kwenye miteremko ambayo mbuzi wa kwetu angefikiri mara mbili kabla ya kuipanda.

Wazee wanasema miaka ya 1980 na 1990 waliiita dhahabu ya kijani. Bei ilikuwa juu, kazi ndogo. Mtu alikata msitu wa mlimani, wengine waling'oa hata mashamba yao ya matunda, akapanda popoo, akangoja miaka michache, kisha akawa anavuna bila kusumbuka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya hekta 56,000 za kisiwa zilikuwa chini ya mipopoo. Serikali kwa miaka mingi ilishika msimamo wa ajabu kuhusu zao hili: haikuhimiza, haikusaidia, haikukataza. Mimi naona asiyekataza na asiyesaidia amemwacha mkulima peke yake na bei ya soko, na bei ya soko haijui mteremko ni nini.

Tulishuka garini tukaingia shambani kwa ruhusa ya mwenyewe. Nilichuchumaa kwenye shina moja nikafukua kwa kijiti. Mpopoo ni ndugu wa mnazi. Hauna mzizi mkuu unaozama. Una nyuzi nyingi tu, zimefungana chini ya shina kama ufagio uliogeuzwa. Chini ya miti udongo ulikuwa mtupu, mwekundu, umepasuka, kwa sababu magugu yote hupigwa dawa ili wavunaji wapite kwa urahisi. Kileleni makuti ni machache, kwa hiyo tone la mvua halikutani na kitu njiani, au linateleza kwenye shina laini na kushuka kama kwenye bomba. Hakuna majani yaliyooza, hakuna vichaka, hakuna kinachoinywa mvua polepole.

Siku ya tatu: Zhongliao, mvua

Imenyesha tangu alfajiri. Hatukutoka hadi saa nane mchana, kisha tukatoka kidogo tu, na nashukuru tulitoka.

Kwenye ukingo wa shamba moja maji yalikuwa yanashuka kati ya safu za mipopoo, rangi ya chai ya maziwa, kila safu na kijito chake. Mahali pamoja udongo ulikuwa umeondoka, na mizizi ya mipopoo mitatu inaning'inia hewani kama ndevu. Mita hamsini mbele ulikuwepo msitu wa asili usioguswa. Maji yaliyotoka huko yalikuwa machache na unaona mawe chini yake. Nilisimama na mwavuli nikitazama huku na huku, kijana ananihimiza turudi, nami sikuweza kuondoka.

Wilaya hii imeonja mengi. Kimbunga Herb mwaka 1996 kilimwaga Alishan, kusini ya hapa, karibu milimita 2,000 za mvua ndani ya siku mbili, ambazo ni nyingi kuliko tunazopata Unguja mwaka mzima. Matope na mawe yalishuka mabondeni Nantou yakafunika nyumba na watu. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 21 Septemba 1999, tetemeko lililoanzia mji mdogo uitwao Jiji liliua zaidi ya watu 2,400 kisiwani, na milima iliyobaki imesimama ikawa imelegea. Lazima niseme kwa haki: milima hii ni michanga, miamba yake inavunjika kirahisi, na mvua ya namna ile ingeporomosha hata mlima wenye msitu. Mipopoo haikuleta kimbunga. Lakini mteremko dhaifu ulihitaji miti ya kuushika, na watu wakaupa mti usioshika.

Siku ya nne: kwenda kusini

Treni ya mwendokasi hadi Zuoying, kisha treni ya kawaida hadi Pingtung. Joto linafanana na la kwetu mwezi wa pili. Nilipata usingizi njia nzima.

Siku ya tano: kituo cha afya, mashambani Pingtung

Mwalimu wa kijana wetu alituombea ruhusa, tukapokewa kwenye kituo kidogo siku ya uchunguzi wa kinywa. Serikali inawalipia watafunaji wenye miaka 30 na kuendelea uchunguzi mara moja kila miaka miwili, na kwa watu wa makabila ya asili wanaotafuna inaanza na miaka 18. Uchunguzi wenyewe hauna mashine. Kiti, taa, kioo kidogo, kipande cha shashi cha kushikia ulimi, na macho ya mtu anayejua anachokitafuta.

Daktari alianza kila mtu kwa namna moja: simamisha vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, uvipitishe kati ya meno ya juu na ya chini. Mwenye afya vinapita. Dereva mmoja wa lori, miaka 52, alivipeleka viwili, cha tatu kikagota kwenye meno. Akajaribu tena kwa kuinamisha kichwa, kana kwamba mlango ni mfupi. Alianza kutafuna jeshini, akiwa kijana, ili asisinzie zamu ya usiku.

Daktari aliniruhusu nivae glavu niguse. Shavu la mtu mzima kwa ndani ni laini, linavutika, kama nyama ya dafu changa. Lake lilikuwa limekauka na kufifia, na chini ya utando kulikuwa na kamba ngumu zinazopanda na kushuka, kama ukili umeshonwa ndani ya nyama. Nimeugusa ugonjwa huu Unguja mara nyingi. Huwa unaanza kwa pilipili: mchuzi uliozoea kuula unakuunguza. Kisha mashavu yanakaza, ulimi unakuwa mzito, mdomo unazidi kuwa mdogo mwaka hadi mwaka. Makovu yale hayarudi kuwa nyama laini hata mtu akiacha. Akiacha leo anazuia tu yasizidi, na anapunguza uwezekano wa kugeuka saratani.

Nikamuuliza dereva, kupitia kijana, kama aliwahi kuchanganya na tumbaku. Kutafuna, hapana. Sigara, ndiyo, na pombe wikiendi. Hapo daktari akaenda kabatini akanionyesha jedwali ambalo nililijua kwa kusoma, lakini kulionyeshwa Pingtung ni jambo jingine. Ni la utafiti uliofanyika Kaohsiung, hapa jirani, ukachapishwa mwaka 1995. Anayetafuna popoo, akavuta na akanywa, hatari yake ya saratani ya kinywa ni mara 123 ya yule asiyefanya lolote katika hayo matatu. Na anayetafuna tu, bila sigara wala pombe, ni mara 28.

Mara 28 kwa popoo peke yake. Nimeandika namba hiyo kwenye daftari langu la kazini, ukurasa wa mbele kabisa, ili akija yule wa "sitii tumbaku" nisitafute maneno. Wataalamu wa saratani waliokutana Lyon, Ufaransa, mwaka 2003 walilisema bila kuzunguka: popoo yenyewe inasababisha saratani kwa binadamu. Jani la tambuu silo lenye kosa kubwa. Kosa liko kwenye tunda, kwa kemikali yake iitwayo arekolini na nyuzi zake zinazokwaruza, na chokaa inaongeza makali kwa kuuchoma utando na kuifungua sumu.

Kwenye benchi la kungojea alikuwepo mzee wa kujitolea. Upande wa kushoto wa uso wake umeingia ndani. Walimtoa nusu ya taya, wakamjengea shavu kwa nyama ya paja lake. Kazi yake siku za uchunguzi ni kukaa tu pale, ili wanaongoja wamwone. Saa sita muuguzi alimletea uji kwenye kikombe, akawa anaunywa kwa kijiko kidogo cha mtoto, kila mara akipangusa pembe ya mdomo kwa leso iliyokunjwa vizuri sana. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia kisiwa kama hiki, kidogo zaidi. Akauliza kama huko pia wanatafuna. Nikasema ndiyo. Akainama, hakuuliza tena.

Kisiwa hiki kinapoteza zaidi ya watu 3,000 kila mwaka kwa saratani ya kinywa na koo, wengi wao wanaume walio bado kazini, madereva, wajenzi, wavuvi. Ila nisiache kusema jema: mwaka 2007 wanaume wapatao 17 katika kila 100 walikuwa wanatafuna, na miaka kumi na kidogo baadaye walikuwa wamebaki kama sita. Hilo limefanywa na viti kama hivi na taa kama hizi.

Siku ya sita: Neipu

Huku mipopoo iko tambarare, si mlimani, na mzee tuliyemtembelea hana mwingine wa kumsaidia isipokuwa mkewe. Wana wao wako mjini. Alituonyesha upondo mrefu wenye mundu kwenye ncha, anavyoukwangua mkungu wa popoo ukashuka mikononi mwa mkewe. Usiku akina mama wa mtaa hukusanyika ukumbini kwake kuchambua kwa ukubwa, na mazungumzo yao hayana tofauti na ya kina mama wanaochambua karafuu Pemba.

Yeye mwenyewe hatafuni. Mdogo wake alikufa kwa kinywa. Nilisita kumuuliza kwa nini basi bado anapanda, naye akalijibu bila kuulizwa. Huku wanaiita popoo zao la mvivu; yeye akasema ni zao la mzee. "Mengine yanataka mikono," kijana alinitafsiria, "popoo inataka mvua tu." Serikali inatoa fedha kwa anayekata mipopoo na kupanda kitu kingine. Lakini mtu wa miaka 70 akikata leo, atakula nini hadi mche mpya uzae?

Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, na hapo ndipo nilipoona kitu kilichonifurahisha safari nzima. Chini ya mipopoo ya zamani amepanda kakao. Mche wa kakao unapenda kivuli, na mipopoo inautilia kivuli. Pingtung wamelishika wazo hili, na chokoleti ya huku sasa inashinda tuzo nje ya nchi. Wakulima wengine hupunguza mipopoo kidogokidogo kadiri kakao inavyokua, wasikose kipato hata msimu mmoja. Niliinama nikashika ardhi: majani ya kakao yameanguka tabaka juu ya tabaka, chini yake udongo mweusi, una unyevu, na nyungunyungu wawili wakakimbia mwanga. Hatua ishirini kutoka hapo, shamba la jirani, udongo ni mtupu na mgumu kama sakafu. Mkewe alipasua tunda moja akatupa punje zenye utando mweupe tuzimung'unye. Tamu, na uchachu kidogo, kama stafeli.

Siku ya saba: Taitung

Treni inapita chini ya milima kutoka pwani hii hadi ile. Tulifika kijiji cha Wapuyuma, moja ya makabila ya asili, mchana, kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake anasoma na kijana wetu.

Hapa popoo si biashara ya barabarani. Waganga wao hutia ushanga ndani ya popoo iliyopasuliwa kwa ajili ya dua na kinga. Kwa jirani zao Waamis, kwenye sherehe za mavuno, msichana anayempenda kijana humtilia popoo kwenye mfuko anaouvaa begani, na kila mtu anaelewa. Nilikaa nikiwaza yetu: tambuu inayozungushwa kwenye sinia harusini, tambuu anayowekewa mgeni kabla hajaulizwa habari. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipelekewa na sultani sahani ya tambuu na popoo, ndiyo heshima aliyopewa. Karne saba tunapokezana kitu hiki kwa mikono miwili. Ndiyo maana ni kigumu kukisema vibaya. Unaonekana unamsema vibaya bibi yako.

Bibi alifungua mfuko wake, akakunja moja, akaninyooshea. Meno yake yamekuwa meusi yanang'aa. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaigusisha kifuani, sikuitia mdomoni. Alinitazama kidogo, akacheka, akanishika goti. Mjukuu wake akaniambia pembeni kwamba bibi hajawahi kwenda uchunguzi, kwamba kila mwaka anasema mwakani. Nilimfundisha vidole vitatu. Kabla hatujaondoka nilimwona amepiga magoti mbele ya bibi yake, anaonyesha kwenye kinywa chake mwenyewe kwanza.

Siku ya nane: Taitung, usiku

Popoo ya bibi bado iko mezani, kwenye leso. Saa tatu usiku hapa ni saa kumi alasiri Unguja, nikajua Mama ameshaswali na amekaa dirishani. Nilimpigia simu ya video.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Wameshakulisha nyoka huko?"

Kijaluba chake cha shaba kilikuwa mapajani. Nimekiona kijaluba hicho maisha yangu yote, nimetumwa popoo kwa ajili yake tangu sijui kusoma, na katika miaka 19 ya kuchungulia vinywa vya wana wa wenzake sikuwahi kumwambia mama yangu mzazi afungue chake. Niliona haya. Sijui niliona haya ya nini.

"Mama, nifanyie kitu kimoja. Simamisha vidole vitatu, hivi, uvitie kati ya meno."

Akanitazama, akaona uso wangu, hakubisha. Vidole viwili viliingia. Cha tatu kikagota. Akageuza mkono, akajaribu kwa upande.

"Hakipiti," akasema. "Lakini mimi mdomo wangu mdogo tangu zamani."

"Sogea kwenye mwanga, Mama. Fungua tena, vuta shavu kwa kidole."

Alisogea. Picha ilitikisika, kisha ikatulia, jua la alasiri likaingia moja kwa moja. Shavu la kushoto, nyuma, karibu na jino la mwisho, palikuwa na mstari mweupe mrefu kama uzi.

Nimempigia mwenzangu wa zamu. Kesho saa moja na nusu asubuhi atampokea Mama kabla ya wagonjwa wengine.